Mfungo Usio wa Kwaresima

Temeke, Dar es Salaam
9 Februari 1954

Wifi yangu Margareta,

Nakusalimu wewe na wote hapo Ndanda, na mguu wako pia, maana katika barua yako ya mwaka mpya umeueleza mguu kuliko ulivyoeleza watu. Huku sote tu wazima, ila mjukuu wetu Koku kifua kinambana. Jina lake zima, Kokushubila, bado linanishinda kulitamka upesi. Baba yake akinisikia najaribu huangalia chini asicheke. Ni mkwe mwenye adabu huyu Ansbert, wala sina la kumsema. Asubuhi huenda bohari lao la bandarini, jioni hurudi na gazeti chini ya kwapa, hunipa shikamoo na kupita.

Wiki iliyopita Filomena wetu aliomba ruhusa shuleni anakofundisha ampeleke mwanawe zahanati. Nikafuatana naye. Dresa akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mtoto huyu hataki moshi, apikiwe mbali na asilazwe penye moshi. Filomena akaitika. Wifi, hakunitazama hata kidogo. Njia nzima alizungumza habari ya jiko tu, kwamba Ansbert atajenga kibanda cha kupikia huko nyuma ya nyumba. Habari ya kiko changu hakuigusa.

Na mtoto analala na mie. Hapati usingizi mpaka aingize pua yake hapa shingoni. Na wewe unajua shingo yangu, nguo zangu, nywele zangu, vyote vinanuka tumbaku tangu mama yake yu mchanga.

Basi Alhamisi nilikitupa kiko chooni, na tumbaku yote nikaimwaga humohumo, nisije nikairudia. Leo ni siku ya sita. Nimefua kila nguo niliyo nayo. Kichwa kinauma, mikono inatetemeka, na jana nilimgombeza kuku.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie Filomena. Umeniona nikiacha mara tatu, na mara tatu marehemu kaka yako Polikarpo alinicheka nilipomwomba kiberiti. Safari hii nikishindwa, nataka nishindwe peke yangu. Mtoto yule kifua chake nakijua, Margareta. Sitaki kusema zaidi.

Wako,
Eufrazia

*

Ndanda
27 Februari 1954

Wifi Eufrazia,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya kuku. Mguu unakushukuru. Umevimba tena kwa mvua hizi na kanisani siku hizi nakaa kiti cha nyuma kama mwenye dhambi.

Sitamwambia Filomena. Nimeapa hapa nilipo, na aliyenisikia ni paka. Lakini sipendi. Mtoto wako ni mwalimu, anaona watoto arobaini kwa siku moja na kujua nani hakula. Unadhani hatakuona wewe?

Mie sikucheki. Kaka yangu alicheka kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuvuta, akadhani ni mchezo wa mdomo. Nakumbuka ulivyokuwa mara ile ya tatu, mwaka wa njaa. Siku za hasira zilikwisha, tukadhani umepona. Halafu ukakaa kimya majuma mawili, huli, husemi, ukawa unatazama mlango. Ndipo ukarudia. Kwa hiyo nakuambia mapema, hasira ikiondoka usiseme umemaliza. Kilichokuangusha siku zile si hasira. Ni kile kimya.

Tafuna karafuu, huko kwenu hazikosekani. Tafuta kazi ya mikono, yoyote. Na uniandikie hata kama huna la kusema, niandikie kwamba huna la kusema.

Margareta

*

Temeke
14 Machi 1954

Wifi yangu,

Ulisema kweli. Hasira ilikuwa na nguvu, ilikuwa inanisimamisha. Hiki kilichokuja baada yake hakina nguvu yoyote. Naamka, nafagia uwanja, napika uji wa mtoto, halafu nakaa na sijui kinachofuata. Juzi nilikuwa nachambua mbaazi nikaona ungo umelowa. Kumbe nalia. Hakuna aliyenikosea, hakuna habari mbaya iliyokuja. Nikaendelea kuchambua.

Chakula hakina ladha. Watu wakizungumza naona midomo inakwenda lakini maneno yananifikia yamechelewa. Nimechoka, Margareta, na sijafanya kazi ya kumchosha mtu.

Lililo jema ni hili. Jirani yetu Bi Tabu, Mzaramo wa hapahapa, anasuka mikeka uani kwake. Nilikwenda kuazima kinu nikakaa huko mpaka adhuhuri bila kusema neno. Hakuniuliza kitu. Alinisogezea fungu la miyaa, akanionyesha namna ya kuanza ukili, akaendelea na kazi yake. Sasa nakwenda kila asubuhi mtoto akilala. Ukili wangu umepinda kama mguu wako, lakini vidole vinapata la kufanya. Nikirudi nyumbani ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Ansbert akiingia mie natoka. Si kwa ubaya. Naona nguo zangu bado zinanuka, naona nyumba nzima inaninusa. Jumapili baada ya misa alikuja rafiki yake Audax, wakakaa barazani wakazungumza Kihaya. Nikasikia "mama", kisha nikasikia "Lindi", kisha wakashusha sauti. Nadhani wananichoka. Nisingewalaumu. Hata mie najichoka.

Na jambo jingine ambalo sina wa kumwambia ila wewe. Damiani amerudi. Sisemi kwa namna ya mizimu. Nasema namkumbuka kila saa, vidole vyake, kofia ile ya ukindu uliyomsukia. Miaka ishirini na mitatu nilikuwa namkumbuka siku ya Marehemu Wote tu, nawasha mshumaa na kurudi nyumbani. Sasa hana siku. Yupo tu.

Usiniambie nisali. Nasali.

Eufrazia

*

Temeke
25 Machi 1954

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu hujambo. Nakuandikia bila Mama kujua, nikiwa darasani, wanafunzi wanafanya hesabu. Unisamehe mwandiko.

Shangazi, Mama ana nini? Amekuwa mtu mwingine. Huyu aliyekuwa akisimulia hadithi mpaka Ansbert anasahau gazeti lake, sasa hasemi. Nikimwuliza anasema amechoka. Mume wangu akiingia ndani yeye anainuka na kutoka, kila mara, mpaka Ansbert ameniuliza amemkosea nini. Asubuhi anakwenda kwa jirani kusuka ukili, na huko nasikia hata hazungumzi. Juma lililopita nilitia chumvi nyingi kwenye mchicha, akaniambia maneno ambayo hajawahi kuniambia tangu nizaliwe. Kisha akaenda chumbani, nikamsikia analia. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Sikuingia. Sijui kwa nini sikuingia.

Naona pia hajagusa kiko. Mwanzo sikutambua, maana siku zote huvuta nje nyuma ya nyumba. Sasa nimetambua ni Kwaresima, amejinyima tumbaku kwa ajili ya mfungo. Ni jambo jema kwa roho yake, lakini naona linamwongezea huzuni, na sina ujasiri wa kumwambia mama yangu afungue kabla ya wakati.

Tumezungumza mimi na Ansbert. Tunadhani anakumbuka nyumbani. Amekaa huku miaka miwili, mji huu hana ndugu ila sisi. Ansbert ana rafiki, Audax, ofisini kwao ndiko wanakojua habari za meli, na amesema anaweza kupata nafasi nzuri ya kwenda Lindi. Mimi sitaki aondoke. Koku atalala na nani? Lakini kama kukaa kwetu ndiko kunakomuua, tumrudishe.

Nina maombi mawili. Kwanza uniambie kweli kama amekuandikia lolote. Pili, Ansbert anataka kumpa tumbaku nzuri siku ya Pasaka na kiko kipya, ajue tumeona alivyojitesa. Kama unaweza kupata tumbaku ya huko nyumbani ile anayoipenda, mpe Fransis dereva wa lori ailete Lindi. Ikichelewa tutanunua ya hapa Kariakoo.

Mwanao,
Filomena

*

Ndanda
8 Aprili 1954

Mwanangu Filomena,

Marahaba. Barua yako imefika leo asubuhi na nakujibu leoleo, nimpe Fransis kabla hajaondoka.

Tumbaku sitaleta. Mwaka huu imeharibika kwa mvua, haina maana. Na hiyo ya Kariakoo msinunue. Usiniulize sababu. Ansbert akitaka kumfurahisha mkwe wake siku ya Pasaka, ampe kanga.

Wala msimpakie melini. Mama yako hajachoka na nyumba yako. Mengine sina ruhusa ya kuyasema, nimefungwa mdomo na mtu ambaye siwezi kumvunjia ahadi. Wewe fanya hivi. Akiinuka kwenda kwa jirani, inuka naye. Kaa karibu. Usimwulize ana nini, na usimwambie ajikaze. Akilia, siku nyingine ingia ndani.

Shangazi yako,
Margareta

*

Temeke
22 Aprili 1954

Margareta,

Kristo amefufuka, mie sijafufuka.

Sijapata barua yako tangu ile ya Februari. Wanasema barabara ya Lindi imekatika na magari yamelala njiani. Nakuandikia tu, utaisoma itakapofika, pengine nitafika mie kabla yake.

Jumapili ya Pasaka tulirudi misani, tukala. Nimekaa uani na Bi Tabu aliyekuja kutupa mkono wa sikukuu, akaja Ansbert na Filomena nyuma yake. Mkononi ana kifurushi. Akanipa kwa mikono miwili. Akasema, "Mama, Kwaresima imekwisha. Tumekuona ulivyojinyima."

Nikafungua. Kiko kipya cha mti mweusi, na tumbaku, harufu yake ikanijia kabla sijamaliza kufungua karatasi.

Wifi, ningesema nini? Mtu huyu, kwa heshima yake kwangu, miaka miwili hajanitazama usoni, siku hiyo ananitazama na anatabasamu. Filomena anatabasamu. Wamesimama wananingoja kama tulivyokuwa tukimngoja mtoto afungue zawadi. Kumbe walidhani nimefunga. Walidhani ni Mungu nimempa, na kwamba siku zake zimekwisha. Nikasema asanteni wanangu. Filomena akaleta kaa la moto kwa koleo.

Nikavuta. Mara tatu, nne. Sikufichi, kile kizito cha miezi miwili kiliondoka palepale. Nikaona uwanja wote, nikaona rangi ya kanga ya Bi Tabu. Nikataka kucheka. Na ndipo nilipoogopa, maana nilijua sasa ni nini kilichokuwa kinanishikilia miaka yote hiyo.

Koku akaja mbio anirukie mapajani. Moshi uko mbele ya uso wangu. Nikamsukuma, Margareta. Nilitaka kumzuia tu asiuingie, lakini mkono ulikwenda kwa nguvu nisiyoikusudia. Akaanguka kwa makalio, akalia, kilio kikaleta kikohozi, na kikohozi kile kikamshika mpaka midomo ikageuka rangi. Filomena akamwinua. Akanitazama, safari hii alinitazama hasa, akasema, "Mama, kama umetuchoka, sema."

Sikusema. Nilikuwa na kiko mkononi, ningesema nini ambacho angeniamini?

Tumbaku iliyobaki niliitia maji siku hiyohiyo. Haisaidii kitu, nimekwisha vuta. Jumanne Ansbert alikuja kuniambia, ameinama, kwamba wameona nipumzike nyumbani kidogo, na tiketi ya meli imepatikana, tarehe tatu Juni. Alisema kwa upole. Nikasema ndiyo. Siku hizi mtoto analala na mama yake.

Niandalie chumba kile cha nyuma. Sina hasira na mtu. Nimeshindwa mara ya nne, ni hivyo tu.

Eufrazia

*

Ndanda
12 Mei 1954

Mwanangu Filomena,

Barabara imefunguka juma hili. Nadhani barua yangu ya Aprili ilikaa Lindi ikingoja meli na njia, na pengine hii utaipata pamoja nayo. Jana nimepata barua ya mama yako ya Pasaka. Leo navunja ahadi niliyompa, na nitamjibu mwenyewe kwa hilo tukionana.

Mama yako hakufunga kwa ajili ya Kwaresima. Ameacha tumbaku tangu tarehe nne Februari, siku chache baada ya dresa kusema mtoto hataki moshi. Aliitupa chooni. Hakutaka ujue kwa sababu amewahi kuacha mara tatu na kurudia, akachekwa. Hiyo huzuni mnayoiona ni tumbaku inayomtoka. Anainuka mumeo akiingia kwa kuwa anadhani ananuka. Siku ya Pasaka alimsukuma mtoto amwepushe na moshi, moshi mliomwashia nyinyi. Hamkujua, siwalaumu. Najilaumu mie na uaminifu wangu wa kijinga.

Sasa nikuambie na lile ambalo yeye hatakuambia.

Unajua ulikuwa na kaka, Damiani, na umeonyeshwa kaburi lake. Uliambiwa alikufa kwa homa. Alikufa kwa kifua, akiwa na miaka minne, mwezi wa Septemba mwaka wa thelathini. Siku tisa alikohoa kikohozi kilekile unachokisikia kwa mwanao. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi saba. Baada ya mazishi alilala juu ya mkeka na kugeukia ukuta. Ulipozaliwa hakugeuka. Filomena, nakuambia jambo gumu, lakini wewe ni mtu mzima. Tulikuweka kifuani pake na mikono yake haikukushika. Siku ya nne tulianza kukupa maji ya mchele kwa kijiko na baba yako akaenda kumwita padri akubatize upesi.

Mie nilikuwa navuta wakati ule. Niliacha baadaye, kwangu ilikuwa rahisi, sikuwa na nilichokiziba. Siku hiyo nilijaza kiko changu, nikakiwasha, nikamtia mdomoni kama mtu anavyomlisha mgonjwa. Alivuta, akakohoa, akavuta tena. Baada ya kitambo akaketi. Akauliza mtoto yuko wapi. Ulinyonya siku hiyo.

Kwa hiyo tumbaku ile ndiyo iliyokulea, na mie ndiye niliyemwashia. Miaka hii yote sijajua kama nilitenda jema au baya. Alinyanyuka, lakini hakumlilia Damiani. Sasa ameitoa tumbaku, na Damiani yuko palepale alipomwacha.

Msimpeleke popote kabla hamjazungumza. Kama meli imekwishaondoka ukisoma haya, basi nitampokea.

Shangazi yako,
Margareta

*

Temeke
31 Mei 1954

Shangazi,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika siku moja, Alhamisi. Ile ya Aprili imelowa mpaka wino umesambaa, lakini nimeweza kusoma "akilia, siku nyingine ingia ndani." Niliisoma hiyo kwanza. Kisha nikafungua ya pili, nimesimama nje ya ofisi ya shule, na nilipomaliza nikamwomba mwenzangu anishikie darasa.

Nilitembea mpaka nyumbani. Nilipofika Mama hayupo, sanduku lake limekwisha fungwa kwa kamba, lipo mlangoni. Nikaenda uani kwa Bi Tabu. Wamekaa wote wawili chini, Koku amelala kwenye kipande cha mkeka katikati yao. Bi Tabu akaniona uso, akasema anakwenda kutazama maharage yake, akatuacha.

Nikakaa chini. Nikachukua miyaa nikajaribu kusuka, sijui kusuka, nikawa nakunja tu. Mama hakuinua macho. Nikamwambia shangazi ameniandikia.

"Ameandika nini?"

"Yote."

Vidole vyake vikasimama, halafu vikaendelea. Akasema, "Basi unajua nilivuta tena siku ya Pasaka."

Nikamwambia ni sisi tuliomwashia. Akasema kaa la moto halimshiki mtu mdomo, angeweza kukataa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akasema, "Ningekuambia, kila siku ungekuwa unanitazama kama nimeshinda au nimeshindwa. Na mie kila siku nilikuwa nusu nimeshindwa."

Kisha nikamwuliza habari za Damiani. Shangazi, nilidhani hatajibu. Aliniambia mpaka jua likahama kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine. Alikuwa anapenda maganda ya muwa, akimwita baba "Poli" kama wakubwa walivyomwita. Alikuwa na kofia uliyomsukia wewe, wakamzika nayo. Alilia, nami nililia, Bi Tabu akaja akatuwekea chai na kuondoka tena. Mwisho akasema, bila kunitazama, kwamba nilipozaliwa alikuwa anasikia sauti yangu kama inatoka nyumba ya pili. Akaniomba radhi. Mimi! Nikamshika mkono ukiwa bado na miyaa.

Ansbert nilimweleza jioni. Aliuliza maswali machache, akavua viatu. Akaniambia kwamba siku zote hizo alidhani Mama anamchukia kwa kuwa si mtu wa kwetu. Habari ya Lindi ambayo Mama alimsikia akizungumza na Audax ilikuwa ya tiketi tu, walishusha sauti isije ikamfikia kabla hatujaamua. Asubuhi alikwenda mwenyewe kuirudisha tiketi bila mimi kumwambia. Aliporudi akapiga hodi chumbani kwa Mama, akamwambia tiketi imerudishwa na kwamba anaomba asiwe anatoka yeye akiingia. Mama akajibu atajaribu. Kile kiko kipya amepewa mzee Jabiri wa nyumba ya kona, na amefurahi.

Usidhani mambo yamekuwa mazuri, shangazi. Jana Jumapili hakutoka kitandani. Misa alikosa. Nilimpelekea uji, hakunywa, nikakaa pale nikasahihisha madaftari ya watoto mpaka ukapoa, nikaenda kuupasha, nikakaa tena. Mchana alikunywa nusu. Hatukuzungumza. Ila hakuniambia nitoke.

Koku amerudi kulala naye.

Mwanao,
Filomena

*

Temeke
18 Julai 1954

Wifi yangu Margareta,

Tangu Filomena aniambie umemwandikia, nimekaa majuma saba bila kukuandikia kwa makusudi. Nilikuwa nimekukasirikia. Ulimwapia paka. Ningeweza kuwa melini sasa, nimekaa juu ya sanduku langu, hakuna anayejua kitu, na aibu yangu ni yangu. Badala yake kila mtu anajua, hata Bi Tabu, ambaye alikuwa akijua tangu siku ya kwanza kwa kuwa mume wake aliacha mwaka wa vita na kuvunja milango miwili. Hakuniambia. Huyo ndiye mtu wa kutunza siri.

Hasira imekwisha. Nilipokuwa nakukasirikia nilikuwa nakuandikia barua kichwani kila siku, nikaona ni heri nizitie kwenye karatasi.

Hili la kukuambia kwamba nimepona silisemi. Ni zaidi ya miezi mitano, ukitoa ile Pasaka. Hamu inakuja mara chache, inakaa kidogo na kuondoka. Huzuni inakaa zaidi. Kuna siku nasuka, napika, namsikiliza Ansbert akinisomea gazeti, maana sasa ananisomea, na sauti yake nzuri, anatamka maneno kama mtu anayepanga vikombe. Kuna siku sitoki. Zamani siku hizo nilikuwa nikijigombeza tangu asubuhi. Sasa nalala, Filomena anakuja na madaftari yake, siku inapita. Kesho yake naamka nimechoka, lakini naamka. Kifua cha Koku kimetulia kwa baridi hii, sijui kama ni moshi au ni umri, wala dresa hajui. Kikohozi kikija natoka jasho mikononi. Hilo nadhani nitakufa nalo.

Jana nililia tena, jikoni, mbele ya watu. Ansbert aliinuka anipishe. Nikamwambia akae, namlilia mwanangu. Akakaa. Akaniuliza alikuwa anaitwa nani, ingawa anajua, nami nikamtajia.

Kuhusu ulilomwandikia Filomena, kwamba hujui ulitenda jema au baya siku ile. Nami sijui. Yupo, anafundisha, ana mtoto. Nisingekuambia usiwashe. Lakini nimekaa miaka yote hii nyuma ya moshi, na mtoto wangu wa kwanza amekaa upande wa pili akiningoja, na hilo pia ni kweli. Tuliache hapo.

Sikiliza sasa. Shule zikifungwa mwezi wa Agosti tunakuja, mie, Filomena na Koku. Ansbert anabaki na kazi yake. Tutashuka Lindi, Fransis atupakie kwenye lori akiwa na nafasi. Siji kukaa, nakuja majuma mawili na kurudi. Chumba cha nyuma kinatosha. Usichinje kitu, chakula bado hakina ladha kwangu, nitakuharibia kuku bure.

Filomena anasema aliambiwa na mtu wa huko kwamba kaburi la Damiani limefunikwa na majani, na kwamba umemtafuta kijana alifyeke kabla hatujafika. Mwambie asije. Usiliguse wala wewe. Niachie mimi.

Eufrazia